James Chapin na Unyoya Mmoja

1. Mji wa kando ya mto

Katika mji wa Kisangani mto mkubwa wa Kongo hupita kati ya mawe kwa kishindo. Hapo ndipo mwisho wa maporomoko saba ya Boyoma. Hapo Wagenia husimamisha miti mirefu ndani ya maji yaendayo kasi, nao hutundika mitego yao mikubwa ya kuvulia samaki. Chini ya maporomoko mto hutulia, na vyombo huweza kushuka mpaka Kinshasa. Wakati wa Wabelgiji mji huu uliandikwa Stanleyville. Jina la Kisangani, ambalo wenyeji walikuwa wakilitumia tangu zamani, likawa jina la serikali tena mwaka wa 1966.

Siku moja katika mwaka wa 1909 meli ya moshi ilifika mjini hapo kutoka Léopoldville, mji uitwao leo Kinshasa. Ndani yake walikuwamo wageni wawili. Hawakuja kununua mpira wala pembe za ndovu. Hawakuja kutafuta dhahabu. Walikuja kuangalia. Walitaka kuwaona wanyama, ndege, samaki, vyura na vipepeo wa nchi hii, na kuandika habari zao.

Mkubwa wao aliitwa Herbert Lang, mtu aliyezaliwa Ujerumani, mwenye umri wa miaka 30. Mdogo aliitwa James Chapin. Yeye alikuwa kijana wa miaka 20 tu. Habari zinazofuata ni za huyo mdogo.

2. Mtoto mwenye maswali

James Paul Chapin alizaliwa tarehe 9 Julai 1889 katika mji wa New York, nchi ya Marekani. Alikulia katika kisiwa kiitwacho Staten Island, karibu na mji huo. Siku zile kisiwa hicho kilikuwa bado na misitu, mashamba na mabwawa. Watoto wengine walipita mahali hapo wakienda zao. James alisimama. Alitazama ndege akijenga tundu lake, alitazama nyoka akiota jua, kisha alirudi nyumbani na kuandika aliyoyaona.

Hakuna aliyemwagiza kufanya hivyo. Ulikuwa mchezo wake wa kujifurahisha, kama vile mtoto mwingine anavyopenda mpira. Lakini mchezo huo ulikuwa na faida yake. Mtu aandikaye kila siku anachokiona huanza kuona zaidi, na aonaye zaidi hupata maswali. Naye James alipopata swali alilitafutia jibu vitabuni. Na kitabu kilipomjibu swali moja, kilimpa mengine mawili.

Alipomaliza shule alikuwa na umri wa miaka 16. Mwaka wa 1905 akapata kazi katika nyumba kubwa ya makumbusho ya New York. Nyumba ya makumbusho ni mahali panapotunzwa vitu vya kale, vitu vya nchi za mbali, na wanyama waliokaushwa, ili watu waje kuvitazama na kujifunza. Kazi ya James ilikuwa kusaidia kutengeneza ngozi za wanyama na ndege, zisioze na zisiliwe na wadudu. Wako ambao wangeiona kazi hiyo kuwa chafu. James aliipenda, kwa maana kila ndege aliyepita mikononi mwake alimfundisha jambo.

Baadaye aliingia chuo kikuu cha Columbia, katika mji huo huo. Alikuwa bado mwanafunzi wakati habari ilipokuja. Wakubwa wa makumbusho walitaka kupeleka watu wawili Kongo, wakamtafute okapi, mnyama wa msituni ambaye wataalamu wa Ulaya walikuwa wamepata habari zake kwa hakika mwaka wa 1901 tu. Bwana Lang alihitaji msaidizi. James akaitwa.

Hapo alipaswa kuchagua. Kama angeondoka angeacha masomo yake katikati, na wenzake wangemaliza na kumtangulia. Tena nchi aliyokuwa akiiendea ilikuwa na homa nyingi, na si wote walioiendea waliorudi. James akafikiri, akakubali. Mwezi wa Mei 1909 wakaondoka New York.

3. Miaka sita

Walifika Boma kwa meli ya bahari. Kutoka Matadi wakapanda gari la moshi mpaka Léopoldville, na kutoka hapo wakaupanda mto. Safari ya mto kati ya Léopoldville na Kisangani ni kilometa 1,700 hivi, na kwa meli ya siku zile ilikuwa safari ndefu sana. Kijana James hakuchoka kuitazama. Katika miti ya kando ya mto alikuwa akiona kasuku wa kijivu wenye mikia myekundu, na hondohondo warukao kwa kelele ya mabawa. Ndege ambao alikuwa amewajua kwa ngozi zao tu, ndani ya masanduku, sasa walikuwa hai na wakilia.

Kutoka Kisangani hapakuwa na meli tena wala motokaa. Iliwapasa kwenda kwa miguu, kuingia msitu wa Ituri mpaka Avakubi, na kupita huko mpaka Medje, Niangara na Faradje, katika nchi ya nyasi ya kaskazini. Mizigo yao yote ilibebwa na watu. Masanduku, mahema, chumvi ya kukaushia ngozi, vioo vya kupigia picha, vyote vilikwenda juu ya vichwa na mabega ya wapagazi. Siku zile nchi ilikuwa chini ya utawala wa Wabelgiji, na kubeba mizigo ilikuwa kazi nzito ambayo wengi hawakuichagua wenyewe. Habari za safari hii hujaa majina ya ndege na wanyama, lakini majina ya wengi wa wapagazi hao hayajulikani. Hata hivyo, bila migongo yao hakuna kitu hata kimoja ambacho kingefika New York.

Safari yenyewe ilipangwa kuwa fupi. Lakini Lang na Chapin walipoona jinsi nchi ilivyo tajiri, waliomba kuongezewa muda, kisha wakaomba tena. Mwisho walikuwa wamekaa karibu miaka sita. Chapin alirudi kwao mwaka wa 1915, na Lang alimfuata mwaka huo huo.

Katika miaka hiyo kila siku ilikuwa na kazi yake. Asubuhi na mapema James aliingia msituni pamoja na wenyeji waliojua njia. Aliporudi aliketi chini na kutengeneza ngozi za ndege waliopatikana. Kila ndege alifungiwa mguuni karatasi ndogo yenye tarehe na jina la mahali. James aliandika kama ndege ni dume au jike, na rangi ya macho yake, ya mdomo na ya miguu, kwa kuwa rangi hizo hupotea upesi ndege akifa. Alitazama hata ndani ya tumbo apate kujua amekula nini, kama ni matunda, au siafu, au mbegu.

Ngozi peke yake haikumtosha. Alichukua rangi za maji na burashi, akawachora ndege, popo na vinyonga wakati rangi zao zilipokuwa bado mbichi. Alijifunza kusema Bangala, lugha iliyotumika sana katika njia za kaskazini. Aliwauliza wenyeji wanamwitaje ndege huyu na yule, akayaandika majina yao pamoja na ya kitaalamu. Kwa Wamangbetu wale wasafiri wawili walitazama pia kazi za mikono: vinubi, vyungu, visu, na vitu vilivyochongwa kwa pembe. Bwana Lang alipiga picha karibu 10,000. Mizigo yote waliyopeleka Marekani ilikuwa na uzito wa zaidi ya tani 50, na ndani yake mlikuwamo ndege zaidi ya 6,000.

Mtu angeweza kusema kwamba James alijishughulisha na mambo mengi mno. Mchoraji ni mchoraji, mwindaji ni mwindaji, na msomaji ni msomaji. Kwa nini mtu mmoja ataka kuwa vyote? Lakini kwake yeye mambo hayo yalikuwa jambo moja. Mkono uliochora ulilifundisha jicho, na lugha aliyojifunza ilimfungulia midomo ya wazee.

4. Unyoya usiokuwa na mwenyewe

Mwaka wa 1913 Chapin alikuwa Avakubi. Huko wenyeji walikuwa na desturi ya kuvaa kofia zilizopambwa kwa manyoya ya ndege. Yeye alipenda kuzitazama kofia hizo na kuwataja ndege mmoja mmoja: huu ni wa kasuku, huu ni wa tai, huu ni wa kanga. Ulikuwa kama mchezo wa mafumbo, na kwa kawaida alishinda.

Siku hiyo hakushinda. Katika kofia moja aliona unyoya wa bawa, rangi yake nyekundu kama udongo, wenye mistari myeusi. Hakuujua. Akauchukua na kuutunza pamoja na vitu vyake.

Aliporudi New York aliutoa, akaulinganisha na ndege wa makumbusho. Alifungua sanduku baada ya sanduku. Aliusogeza karibu na kanga, haukufanana. Aliusogeza karibu na kware, haukufanana. Kati ya ndege wote wa Afrika waliojulikana katika vitabu hapakuwa na hata mmoja mwenye unyoya kama ule.

Mtu mvivu angeutupa. Kitu gani unyoya mmoja mbele ya ndege 6,000? Mtu mwenye majivuno angebuni jina na kuliandika, ili aonekane anajua. Chapin hakufanya hili wala lile. Aliuweka mahali pake, akakubali kwamba hajui. Lakini swali lake hakulisahau.

5. Kitabu kikubwa

Chapin alirudi chuoni, akamaliza mwaka wa 1916 masomo aliyokuwa ameyaacha. Kisha ikaja vita. Akaenda Ufaransa kuwa askari, akarudi salama. Baada ya hapo akaanza kuandika habari za ndege wote wa Kongo.

Kazi hiyo haikuwa ya msituni tu. Ilikuwa pia kazi ya kusoma. Wasafiri na wataalamu waliomtangulia walikuwa wameandika kwa Kifaransa, kwa Kijerumani na kwa Kiingereza. Mmoja alitaja ndege mahali fulani, mwingine alitaja ndege yule yule kwa jina jingine. Ilimpasa Chapin kuwasoma wote, kuwapatanisha, na kuona nani amekosea.

Mfano mmoja utaonyesha jinsi alivyofanya. Kuna kirukanjia mmoja ambaye dume lake huota manyoya mawili meupe katika mabawa, marefu kuliko mwili wake. Akiruka jioni huonekana kama mtu anayekokota vitambaa viwili hewani. Chapin alikuwa amemwona kaskazini ya msitu, lakini kwa miezi fulani tu. Je, miezi mingine huenda wapi? Chapin alikusanya tarehe. Alitazama daftari zake mwenyewe, alitazama vikaratasi vya ndege waliokuwa katika makumbusho, alisoma yaliyoandikwa na watu wa nchi za kusini. Alipozipanga tarehe zote, jibu likaonekana. Ndege huyo huzaa kusini ya Afrika, kisha huruka juu ya msitu mkubwa na kuvuka ikweta, akae kaskazini mpaka wakati wa kurudi. Chapin aliandika habari hiyo mwaka wa 1916. Hakuwa amemfuata ndege kwa miguu katika safari yake yote. Alimfuata kwa kusoma na kulinganisha.

Sehemu ya kwanza ya kitabu chake ilitoka mwaka wa 1932, na kwa kazi hiyo alipewa shahada ya udaktari na nishani ya heshima. Ya pili ilitoka mwaka wa 1939, ya tatu mwaka wa 1953, na ya nne mwaka wa 1954. Kwa jumla ni kurasa kama 3,000. Tangu siku ile alipofika Kisangani kwa meli mpaka siku kitabu kilipotimia, ilipita miaka 45. Haba na haba hujaza kibaba.

6. Ndege wawili juu ya kabati

Mwaka wa 1936, alipokuwa katikati ya kazi hiyo, Chapin alikwenda Ubelgiji. Karibu na mji wa Brussels, mahali paitwapo Tervuren, kulikuwa na nyumba kubwa ya makumbusho ya vitu vya Kongo. Chapin alitaka kuwatazama ndege waliotunzwa humo.

Siku moja alipokuwa akipita ndani ya nyumba hiyo aliona juu ya kabati ndege wawili waliokaushwa. Walikuwa wamewekwa pembeni, kama vitu visivyotakiwa tena. Mmoja alikuwa mweusi kidogo, wa samawati. Wa pili alikuwa wa rangi ya udongo mwekundu, mwenye mistari myeusi katika mabawa.

Chapin alisimama, kama alivyokuwa akisimama alipokuwa mtoto. Ilikuwa imepita miaka 23 tangu ile kofia ya Avakubi, lakini jicho lake halikuwa limesahau. Rangi ile aliijua, na mistari ile aliijua. Huyu ndiye mwenye unyoya!

Akasoma karatasi ya ndege hao. Iliandikwa kwamba ni tausi wa Bara Hindi, tena wachanga. Walikuwa wametolewa kwa makumbusho mwaka wa 1914 na kampuni iliyofanya kazi katika nchi ya Kasai. Inaonekana aliyeandika karatasi ile alidhani kwamba ni ndege wa kufugwa walioletwa kutoka mbali, kwa kuwa kila mtu mwenye elimu alijua kwamba Afrika haina tausi. Basi hakuna aliyewatazama vizuri. Walikaa hapo miaka mingi, na jina lisilo lao likiwa limebandikwa kwao.

Chapin alipowachunguza aliona kwamba hawakuwa wachanga, wala hawakuwa wa Bara Hindi. Walikuwa ndege wazima, wa namna yao wenyewe, jamaa za tausi, wakaao katika msitu wa Kongo. Mwaka huo huo akaandika habari zao, akawapa jina la kitaalamu Afropavo congensis, maana yake tausi wa Afrika, wa Kongo. Wataalamu wa dunia nzima walistaajabu. Hawakufikiri kwamba ndege mkubwa namna hiyo aweza kuwa bado hajaandikwa.

7. Kurudi Kisangani

Habari hiyo ilipoenea, likatokea jambo la kuchekesha. Mhandisi mmoja wa migodi aliyefanya kazi Kongo alikumbuka kwamba ndege huyo amekwisha kumwona. Tena amekwisha kumla. Wakati wataalamu wa Ulaya wakisema ndege huyo hayuko, yeye alikuwa sahanini.

Chapin hakutosheka na ndege wakavu wa kabatini. Mwaka wa 1937 alirudi Kongo. Safari hii alikuja kwa eropleni mpaka Kisangani, akaona kwamba njia iliyokuwa imemchukua siku nyingi alipokuwa kijana sasa ilimchukua siku chache tu. Lakini msituni mambo yalikuwa yale yale. Iliwapasa watu kwenda polepole, kunyamaza, na kusikiliza.

Katika misitu ya mashariki ya mji, wawindaji wa nchi walimsaidia. Kwao tausi huyo hakuwa ajabu. Walijua kwamba hutembea chini akitafuta matunda na wadudu, na usiku hupanda juu ya mti kulala. Walijua kwamba dume na jike hupenda kwenda pamoja, na kwamba usiku mmoja huita na mwingine hujibu, hata sauti zao zikasikika mbali. Walikuwa na majina yao ya kumwita, tangu zamani za babu zao. Kwa msaada wao Chapin alimwona ndege huyo katika msitu wake mwenyewe, akapata wengine wa kupeleka makumbusho.

Dume lake ni zuri sana. Mwili ni wa samawati yenye kung'aa, ukichanganyika na kijani na urujuani. Shingoni ana ngozi nyekundu isiyo na manyoya, na juu ya kichwa ana kishungi cheupe kilichosimama. Jike lina rangi ya udongo mwekundu, na mgongo wa kijani wenye kung'aa. Mkia wao si mrefu kama ule wa tausi wa Bara Hindi.

Basi ni nani aliyemgundua tausi wa Kongo? Vitabu husema ni Chapin, na kwa upande wa vitabu ni kweli. Lakini wawindaji wa msitu walimjua kabla Chapin hajazaliwa. Yule aliyeupachika unyoya katika kofia yake alimjua. Kazi ya Chapin ilikuwa nyingine: alikutanisha ujuzi wa watu wa msitu na ujuzi wa vitabu, ambao hapo kwanza ulikuwa haujuani. Aliweza kufanya hivyo kwa kuwa alipenda vyote viwili.

8. Uzee wake

Chapin aliendelea kuipenda Kongo mpaka mwisho. Wakati wa vita kuu ya pili alitumwa tena Léopoldville na serikali yake. Katika miaka ya 1950 alirudi pamoja na mkewe Ruth, ambaye naye alikuwa mtaalamu wa ndege, wakakaa miaka kadhaa katika nchi ya Kivu. Rafiki zake Marekani walimpa jina la kumtania, wakamwita Jim wa Kongo.

Alikufa New York tarehe 5 Aprili 1964, mwenye umri wa miaka 74.

Leo tausi wa Kongo huhesabiwa kuwa ndege wa taifa. Haishi porini katika nchi nyingine yo yote duniani. Lakini maisha yake si ya raha. Watu humnasa kwa mitego, na mahali pengi msitu hukatwa kwa ajili ya mashamba na migodi. Huko nyuma alikaa miaka mingi bila kuandikwa vitabuni, naye hakupotea, kwa sababu msitu wake ulikuwapo. Msitu ukiisha, hata jina zuri la kitabuni halitamsaidia.

Watu hufikiri kwamba mtu mwenye elimu ni yule asiyekosa jibu. Chapin alikuwa na elimu nyingi, lakini kwa miaka 23 alitunza kitu asichokuwa na jibu lake. Hakuona haya, wala hakuchoka. Katika miaka hiyo alisoma, alichora, alisafiri, aliuliza, na kila jambo lilikuwa na utamu wake hata kama halikumletea jibu. Siku jibu lilipotokea, juu ya kabati lenye vumbi, wengi walikuwa wamekwisha kupita mahali pale. Yeye ndiye aliyesimama.

Maswali

1. Kwa nini Lang na Chapin walikuja Kongo mwaka wa 1909?
2. Ni nani waliobeba mizigo yao kutoka Kisangani? Kwa nini ni vizuri kuwakumbuka?
3. Chapin alijuaje safari ya kirukanjia bila kumfuata kwa miguu?
4. Karatasi ya ndege wa Tervuren ilikuwa na kosa gani?
5. Wawindaji wa msitu walijua nini juu ya tausi ambacho hakikuwamo vitabuni?
6. Taja ndege watano wanaoonekana karibu na nyumbani kwenu. Waulize wazee majina yao na chakula chao, kisha andika majibu katika daftari lako.